Usimtumie Baba Gari

Kwa kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, tena za moto moto, kutoka kwangu na kwa wote uliowaacha nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, umeshiba, na kile kikohozi ulichokuwa ukinikoholea kwenye simu kimekwisha. Ukitaka kujua habari zetu, sisi ni wazima. Mashine yangu ya kushonea inaimba kutwa, sare za shule zimenijaa mpaka juu ya kitanda, na mimi mwenyewe nimenenepa kidogo, kwa hiyo ukija usianze maneno yako. Baba hajambo. Mama naye hajambo, na habari za goti lake utazipata humu humu, ila vuta subira.

Najua unajiuliza kwa nini naandika barua wakati simu ipo. Kaka, nyumba yetu unaijua. Simu ikilia, Baba anataka iwekwe sauti kubwa, Mama anasogeza kiti, na jirani wa ukuta wa pili anapunguza redio yake asikie vizuri. Haya ninayotaka kukuambia si ya sauti kubwa. Kaa kitako, soma peke yako, na usimsomee mtu.

Nianze na lile gari unalotaka kumtumia Baba. Ulisema umekwisha kulichagua, jipya kuliko hili letu, na kwamba mwisho wa mwezi linapakiwa lije, maana Mama hawezi kuendelea kuburuta goti mpaka zahanati, na Baba hawezi kuzeeka akisukuma mkweche. Moyo wako ni mzuri, sina neno. Lakini nakuomba, kaka yangu, usilitume. Soma kwanza mpaka mwisho. Ukimaliza na bado unataka kulituma, basi nitakwenda kulipokea mwenyewe nikiwa nimevaa gauni jipya.

Unalikumbuka gari letu lilivyo: rangi ya maziwa, kiti cha nyuma kimepasuka upande wako kwa sababu ya yale mabuti yako ya mpira, kioo cha mlango wangu mpaka ukisukume kwa kiganja ndipo kipande. Baba analitunza kama yai. Mtu aliyeendesha gari la wagonjwa maisha yake yote ya kazi, anayejisifu mpaka leo kwamba hakuna mgonjwa aliyefika hospitali na jeraha ambalo hakuondoka nalo kwao, hawezi kukaa na gari la ovyo. Sasa, tangu shule zifunguliwe, gari likagoma. Baba anaingia, anazungusha ufunguo, stata inalia weee, injini haishiki. Anajaribu tena, hola. Anashuka, anafunga mlango taratibu, anatuambia gari limechoka, anarudi ndani kunywa chai. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka mapema. Baba huyu huyu aliyekuwa akilitukana gari likichelewa kidogo tu kuwaka asubuhi ya baridi, leo limekufa kabisa na hana hata neno moja la kulilaumu!

Wewe ukampigia simu fundi wa pale kona, yule tunayemwita Kesho kwa kuwa kila kazi yake inakwisha kesho. Akaja. Akafungua boneti, akagonga hapa, akanusa pale, akapima betri, kisha akatikisa kichwa kwa huzuni na kusema nyaya zote zimeoza. Akasema zing'olewe zote ziwekwe mpya, na kwa umri wa gari lile afadhali liuzwe vyuma. Ndipo ulipokata shauri la kununua lingine, na mimi ndipo nilipopandwa na hasira. Unazijua hasira zangu. Niliona si kweli hata kidogo. Gari halilali zima likaamka limeoza nyaya zote. Hata nguo ikioza huanza na mshono mmoja. Nikaapa ugonjwa wake nitautafuta mwenyewe.

Nina mteja wangu mmoja, mwanamama anayeendesha basi la shule, wenyewe wanamwita Mama Gia. Alikuja kupunguza suruali, nikamsimulia. Akaniuliza swali moja tu, kama fyuzi tumeziangalia. Nikamwambia Kesho hakutaja habari za fyuzi. Alicheka mpaka akakalia robota langu la vitambaa. Akasema ndivyo tulivyo, gari likizimika tunakimbilia kuwaza injini, tunaita mafundi, tunaita na majirani wasukume, kumbe kilichokufa ni kidude kisichozidi ukucha.

Basi akanifundisha, na mimi nikamsikiliza kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Alisema magari ya umri wa hili letu aghalabu huwa na masanduku mawili ya fyuzi. Moja liko chini ya boneti, jirani na betri. La pili liko ndani, chini ya dashibodi, pale goti la dereva linapogusa, na ukitaka kuliona sharti upige magoti nje ya mlango uingize kichwa karibu na pedali. Kabla hujaichomoa yoyote, zima kila kitu na utoe ufunguo. Nyuma ya kifuniko kuna mchoro unaoonyesha ipi ni ya taa, ipi ya honi, ipi ya pampu ya mafuta. Ukishaichomoa, iinue kwenye mwanga: ndani ya ile plastiki kuna kiwaya chembamba, na kama kimekatika au pana weusi, imeungua. Ukirudishia, rudishia namba ile ile: nyekundu ya kumi, buluu ya kumi na tano, njano ya ishirini. Alinionya kwa kidole nisije nikaweka kubwa kuliko iliyotoka, wala nisizungushie karatasi ya sigara kama wanavyofanya wajanja, kwa sababu fyuzi kazi yake ni kuungua yenyewe ili gari zima lisiungue.

Akaniazima na kitaa chake cha kupimia: kibalbu chenye waya wa kubana kwenye chuma cha gari, na ncha ya kugusia vichuma viwili vinavyochungulia mgongoni mwa fyuzi. Hapo unafungua swichi bila kuwasha injini. Ukigusa kichuma kimoja kitaa kikawaka, ukagusa cha pili kikawaka tena, fyuzi ni nzima. Kikiwaka upande mmoja tu, hiyo imekwenda na maji. Kaka, mimi niliyezoea kutafuta uzi uliokatika ndani ya pindo nikaona mbona kazi hii ni ya kwangu!

Nikasubiri Baba aende kwa kinyozi, maana hapendi mtu aguse gari lake. Sanduku la chini ya boneti nililimaliza upesi, zote nzima. Nikaja la ndani. Nilijipinda pale chini ya usukani mpaka shingo ikalia. Kifuniko chake kina sikio moja lililovunjika, hakifunguki mpaka ujue pa kukibana kwa dole gumba, nikahangaika nacho sana. Nikapima moja moja. Ya honi ilikuwa imeungua, nikaibadilisha, nikabonyeza kujaribu, honi ikapiga kelele mpaka Mama akaangusha mfuniko wa sufuria jikoni akauliza kuna nani. Nikaendelea. Nilipofika kwenye tundu la pampu ya mafuta, nikakuta fyuzi haipo. Sisemi imeungua, kaka. Haipo kabisa, tundu tupu linaniangalia.

Nikatia ya buluu, kama mchoro ulivyoonyesha, kati ya zile za akiba nilizonunua. Nikahakikisha gia iko huru kama nilivyoelekezwa, nikafungua swichi. Nyuma ya kiti pakanguruma kidogo, sauti ndogo ya paka aliyebembelezwa, pakanyamaza. Nikazungusha ufunguo, injini ikashika mara moja! Nilipiga kelele. Mama akatoka na mwiko mkononi, akasimama anatazama, na sikumwelewa alivyotazama. Nilidhani atafurahi. Yeye aliniambia tu nizime, nisimalize mafuta ya watu.

Kabla sijazima, Baba akarudi injini ingali inanguruma. Akasimama langoni, kichwa kimenyolewa kinang'aa, na uso ukambadilika kama mtu aliyesikia hodi ya mgeni asiyemtaka. Akasema vizuri, umefanya vizuri, akaingia chumbani kwake bila kunywa chai. Haki ya Mungu niliumia. Nilijua atanisifu mbele ya mtaa mzima, tena ningejifanya naona haya.

Siku iliyofuata Mama alikuwa na siku ya zahanati. Baba akavaa, akaingia kwenye gari, akazungusha ufunguo. Weee, hola. Nikakimbia na kitaa changu, nikafungua kifuniko: tundu la pampu tupu! Hapo damu ikanichemka. Nikasema huyu ni Kesho. Ameona tumemwaibisha, sasa anatuibia fyuzi ili turudi kwake tukimpigia magoti. Nikaenda na kanga niliyojifunga, mguu mmoja una kiatu cha ndani na mwingine cha nje, nikamtolea maneno mbele ya wateja wake, maneno mengine sijui hata niliyatoa wapi. Aliniacha nimalize. Kisha, huku anafuta mikono, akasema kwa upole kwamba amewahi kuona wezi wa betri, wezi wa vioo, hata wezi wa magurudumu yote manne, lakini hajaona mwizi anayeiba fyuzi moja akaacha nyingine zote, halafu akafunga kifuniko vizuri na kukiwekea sikio lake lililovunjika, lile nililokuwa nimemtajia katika maneno yangu. Akaniuliza ni nani anayejua kukifunga kile kifuniko. Nikageuka nikaondoka. Nimerudi baadaye kumwomba radhi, naye alisema atanisamehe kesho.

Njia nzima nilikuwa nawaza lile sikio. Nilipofika nyumbani nikakuta Baba ameniachia shati lake la kijivu juu ya mashine, mfuko wa kifuani umefumuka. Nikaingiza kidole kuutazama mshono. Ndani mlikuwa na fyuzi mbili za buluu. Ile ya zamani, na ile niliyoinunua mimi. Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hawakukosea, ila walisahau kusema nguo yenyewe unaweza kupewa uishone.

Kaka, nilikaa na lile shati mapajani muda mrefu. Mwanzo sikuelewa. Nikachukua sindano, nikataka kutunga uzi, na hapo ndipo akili ikanijia. Unakumbuka Baba alivyokuwa akinitungia sindano jioni, anazipanga kwenye mto wa pini, anajigamba kwamba macho ya dereva hayazeeki? Ameacha siku nyingi. Nikimpa anasema nyuzi za siku hizi mbovu. Nikaanza kukumbuka na mengine: anavyoweka kidole kwenye ukingo wa kikombe akimimina chai, anavyongoja mtu atoe sauti ndipo amwitikie kwa jina, anavyomwachia Mama gazeti asome kwa sauti eti yeye anapenda kusikiliza. Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi ninayo mawili mazima, nilikuwa nayafanyia nini? Nililia, kaka. Nakwambia ukweli, nililia nikalilowesha shati la watu.

Baba haoni vizuri. Ndiyo niliyotaka kukuambia. Gari halina ubovu wowote, na wala halijawahi kuwa nao.

Sikwenda kumwambia Baba huoni. Mtu mzima huachiwa nguo yake. Nilishona mfuko, nikazirudisha fyuzi zote mbili ndani, nikaweka na kifungo ili zisidondoke. Nikampelekea shati uani alikokuwa amekaa, nikamwambia mfuko umeshonwa na vitu vyake vyote vimo. Nikaongeza kwamba nina ombi, nataka anifundishe kuendesha gari. Alipapasa mfuko, akazihisi kwa vidole juu ya kitambaa.  Kisha akauliza kama nimemwambia mtu. Nikamwambia hapana.

Ndipo akanieleza. Jioni moja, jua likiwa usoni, alikata kona yetu kama siku zote, akasikia kiganja kinapiga boneti, pa! Alikuwa muuza maji na mkokoteni wake, amesimama mbele kabisa ya gari, na Baba hakumwona hata kivuli. Hakuumia mtu. Yule muuza maji alicheka, akamwambia mzee leo ungenipeleka hospitali mwenyewe, akaenda zake. Baba hakucheka. Alifika nyumbani, akachomoa fyuzi ya pampu, akaitia mfukoni. Aliniambia asingeweza kutamka kwamba yeye, aliyebeba wagonjwa wa watu maisha yake yote, sasa hawezi kumwona mtu mzima barabarani. Akaona afadhali tuliite gari bovu kuliko tumwite yeye. Na aliposikia unamtumia jingine jipya, hakupata usingizi, maana hilo asingelijua fyuzi zake zilipo. Alisema hivyo akicheka kidogo.

Sasa ngoja nikuchekeshe, usije ukalia peke yako huko. Nikaenda kwa Mama nikijiona mimi ndiye mwenye siri, nikaanza kuzunguka zunguka kutafuta maneno. Akaniuliza kama nadhani mtu anaweza kulala chumba kimoja na mumewe miaka yote hii asijue macho yake yamefika wapi. Alikuwa anajua kabla ya sisi sote! Na lile goti, kaka? Goti zima! Haliumi! Alipoona Baba anajikwaa njiani, akaanza kulalamika goti ili amshike mkono watembee naye polepole. Watu wanaona mzee anamsaidia mkewe, kumbe mkewe ndiye anayemwongoza. Dawa za kuchua alizopewa zahanati amempa jirani. Nikamuuliza mbona hakusema, akanijibu kwamba Baba naye hakuuliza mbona goti lenyewe linauma barabarani tu na jikoni halina habari.

Tangu hapo Baba ananifundisha. Kila asubuhi alikuwa akifungua kifungo cha mfuko, ananipa fyuzi ya buluu, naiweka, tunakwenda uwanja wa shule Mama Gia akiwa nyuma kutuangalizia. Huwezi kuamini anavyofundisha. Haangalii chochote, anasikiliza. Nikichelewa kubadili gia ananiambia injini inalalamika, nikikanyaga breki vibaya anasema mgonjwa wetu ameanguka kitandani. Anagomba, kaka! Anagomba kama zamani, na mimi namjibu kama zamani. Tukirudi, fyuzi inarudi mfukoni. Ile siku uliyocheka kwamba mimi kitu pekee nitakachoendesha ni cherehani, iweke vizuri kumbukumbuni, kwa sababu leseni nimepata, ninayo ndani ya mkoba, na picha yake imetoka nzuri kuliko yako.

Safari yangu ya kwanza ya kweli ilikuwa kumpeleka Baba kwa daktari wa macho. Daktari amesema jicho la kushoto halirudi tena. La kulia lina mtoto wa jicho, linafanyiwa upasuaji, na ana matumaini makubwa nalo. Gari hatarudi kuliendesha, hilo Baba amelikubali mwenyewe kabla daktari hajamaliza kusema. Ila ataweza kuziona nyuso zetu. Amekubali kupasuliwa, na ameniruhusu nikuambie, kwa sharti kwamba usimpigie simu ya kumwonea huruma. Nami naongeza sharti langu: usiogope. Hapa hakuna msiba. Mimi najua njia ya hospitali, gari linawaka, na Mama ana magoti mawili mazima.

Juzi asubuhi nilinyoosha mkono anipe fyuzi kama kawaida. Akaniambia imo ndani. Alikwenda mwenyewe alfajiri, akafungua kile kifuniko kwa kupapasa, akaiweka. Akasema haina haja ya kutoka tena, kwa sababu hakuna tena mtu katika nyumba hii wa kuzuiliwa asiendeshe.

Ile ya pili utaikuta ndani ya bahasha hii, nimeifunga kwenye kipande cha shati la kijivu. Baba ndiye aliyeitoa mfukoni akanipa nikutumie. Anasema gari halitakiwi kukaa bila fyuzi ya akiba, kwa hiyo hiyo usiitume kwa mtu wala kwa posta. Uilete mwenyewe kabla ya siku ya upasuaji, kwa sababu wakimfungua kitambaa cha jicho anataka kukuona ukiwa umesimama pale.

Shemeji na watoto wape salamu zangu, na umwambie mdogo kabisa kwamba shangazi yake atampokea kituoni kwa gari, akae mbele. Mama anakusalimu na anauliza kama bado unakula vizuri. Baba anakusalimu, yuko mlangoni ananiharakisha, anasema daftari lako linaisha wewe Kidomo, na hajakosea.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Kidomo, dereva wa nyumba.